Ua la vanila halingoji: namna ya kusoma alama zake mbele ya kufunguka

Ua la vanila linafunguka asubui moja tu. Linaanza kujiachia wakati usiku unaelekea kuisha. Jua likitoka liko wazi. Mchana linaanza kulegea, na jioni limekwisha. Kama hakuna mkono uliolifikia katika zile saa chache, nyuma ya siku moja ao mbili linaanguka chini, na tunda ambalo lingevunwa miezi tisa mbele linaanguka pamoja nalo.

Ndiyo sababu, katika mashamba ya Beni, sehemu za joto za Lubero, Mambasa na Irumu, kazi ya vanila haianzi siku ile ua linaonekana. Inaanza wiki nyingi mbele, wakati mkulima anapita chini ya miti akichungulia kwapa za majani, moja moja. Mwenye kujua kusoma alama hizo anajua wiki gani atahitaji watu, siku gani asiende soko, na, mahali ambapo njia ya shamba haina usalama, asubui gani kweli inastahili kwenda na gani anaweza kuiacha ipite.

Malalamiko yanayosikika mara nyingi ni haya: "Vanila yangu iko na miaka mitatu, majani iko mingi, lakini maua hakuna." Mara nyingine ni kweli, mmea haujachanua. Lakini mara nyingine ulichanua na mwenyewe hakuona. Ua lenyewe halivutii macho kwa mbali. Rangi yake ni kijani hafifu inayoelekea njano, na limekaa kati ya majani ya kijani. Hata ile harufu ambayo dunia yote inaitafuta, ua halina. Linanuka kidogo tu, kwa mtu aliyelisogeza pua. Ukipita saa tisa ya mchana unakuta kitu kilichonyauka, unafikiri ni jani limeharibika, unaendelea na njia yako.

Jamaa ya orkide

Vanila ni orkide. Jina hilo linaleta picha ya maua ya mapambo katika hoteli kubwa, lakini jamaa ya orkide ni pana sana, na misitu ya Kongo imejaa nazo, zimekaa juu ya matawi ya miti mirefu. Hata kikanda kinachouzwa katika soko za Lubumbashi, kile kinachokatwa vipande kama mkate, kinatengenezwa kwa viazi vidogo vya orkide za porini pamoja na karanga.

Kuna orkide nyingine, zile zenye ua linalofanana na pua ya sapato, ambazo watu wa Ulaya na Asia wanapenda kuziweka katika vyungu nyumbani. Nao pia wanachungulia: wanaangalia katikati ya majani mapya yaliyokomaa, kama kuna kifuko chembamba kinachosukuma toka ndani. Tofauti ni kwamba ua la sapato, likifunguka, linaweza kukaa wiki nyingi. Aliyechelewa kuliona hajapoteza kitu. Mwenye vanila hana bahati hiyo.

Mmea unajitayarisha

Mmea uliopandwa kwa kipande cha kamba cha metre moja hivi unaanza kuchanua, kwa kawaida, nyuma ya miaka 2 ao 3. Kipande kifupi kinakawia zaidi. Lakini umri peke yake hautoshi. Vanila inaomba kuteseka kidogo. Mvua zikipungua kwa wiki kadhaa, kamba inaacha kurefuka na nguvu zake zinageukia maua. Karibu na ekweta nyakati za mvua ndogo ni mbili kwa mwaka, na ndiyo sababu Uganda, ng'ambo ya Ruwenzori, inavuna mara mbili: katikati ya mwaka na mwanzoni mwa mwaka. Ukirudisha hesabu nyuma miezi tisa, unakuta maua ya mavuno hayo yalifunguka karibu mwezi wa tisa ao wa kumi, na mwezi wa tatu ao wa ine. Upande wa Beni mvua zinafanana na zile za jirani, lakini kalenda siyo sheria. Shamba la bondeni, karibu na Semliki, na shamba la juu kilimani hazichanui lazima wiki moja. Anayengoja mwezi badala ya kuangalia mmea wake anaweza kufika wakati sherehe imekwisha.

Kivuli nacho kinasema mengi. Vanila inayolimwa chini ya migomba ao kati ya kakao inahitaji jua lililochujwa, nusu kwa nusu hivi. Kivuli kikizidi, mmea unakuwa mzuri kwa macho na bure kwa mfuko: majani manene, kijani sana, na hakuna ua hata moja. Kama mwaka wa tatu umepita hivyo, kitu cha kwanza cha kushika ni panga kwa ajili ya matawi ya juu, siyo mbolea.

Tena kuna jambo la kukunja. Kamba iliyoachwa ipande inavyotaka inafika juu ya mti, na ikichanua inachanua mahali mkono haufiki. Wazoefu wanairudisha chini ibaki kwenye urefu wa kifua, inaning'inia. Ni ile sehemu inayoning'inia, iliyokua katika mwaka uliopita, ndiyo yenye kutoa maua. Wengine wanakata ncha yake, sentimetre 10 hivi, miezi kadhaa mbele ya majira. Mmea ukikosa pa kurefuka unafungua macho mengine. Kwa hiyo mtu anayetafuta alama asipoteze wakati kuangalia ncha changa zinazopanda. Aangalie kamba zilizokunjwa, zilizokomaa, zinazoshuka.

Kivimbe katika kwapa la jani

Alama yenyewe inatokea katika kwapa la jani, ni kusema pale jani linaposhikana na kamba. Kwanza ni kivimbe cha kijani, kidogo kama punje ya mchele. Hapo ndipo watu wanadanganyika, juu kivimbe hicho kinaweza kuwa kitu kimoja kati ya viwili: kamba mpya ao kishada cha maua. (Mzizi wa hewani nao unatoka kwenye kifundo kile kile, lakini upande wa pili wa jani, na unatafuta mti wa kushika. Huo hauwezi kumchanganya mtu kwa siku nyingi.)

Kamba mpya ni nyembamba, ina ncha kali, na inakwenda haraka. Siku si nyingi unaona jani dogo lililojikunja, kisha nafasi kati ya jani na jani inaanza kupanuka. Kishada kinafanya kinyume. Ni kinene, kimejaa, kifupi, na kinakwenda pole pole. Kimevaa vijani vidogo vilivyolaliana kama magamba ya samaki, na chini ya kila kigamba kuna ua moja linalojitengeneza. Ukikigusa kwa kidole unasikia ugumu na unene ambao kamba mpya haina. Vile vile, vishada mara nyingi vinatokea vingi kwa mfululizo: kwapa moja, la pili, la tatu kwenye kamba ile ile. Kamba mpya nyingi namna hiyo, mahali pamoja, ni nadra, isipokuwa kama mmea umekatwa sana.

Kama bado kuna shaka, dawa ni kungoja siku 10. Mtu asishike kisu. Kuna wanaopunguza machipukizi kwa bidii, wakidhani wanasaidia mmea, na kumbe wanatupa mavuno ya mwaka.

Toka kivimbe kinapoonekana mpaka ua la kwanza, zinapita wiki 6 mpaka 8 hivi. Ni muda mzuri. Unatosha kutafuta watu, kusafisha chini ya miti, kushusha kamba zilizo juu sana (kwa upole, kishada kinavunjika kirahisi), na kuandika tarehe. Daftari la bei ndogo ao nyuma ya kalenda ya zamani, haidhuru. Tarehe hiyo itatumika tena mwishoni.

Jioni ya mwisho

Kishada kikikua, magamba yanaachana na tumba zinaonekana, ni kusema maua yaliyo bado kufungwa. Kishada kimoja kinaweza kubeba 15 mpaka 20. Zinafanana na vidole vidogo vya kijani vilivyosimama, na hazilingani: za chini, karibu na kamba, ndizo kubwa, na kadiri unavyokwenda kwenye ncha zinapungua. Mpangilio huo ni ratiba. Zitafunguka kwa utaratibu ule ule, toka chini kwenda ncha, kwa kawaida moja kwa siku, mara nyingine mbili. Kishada cha maua 18 kinaweza basi kufanya kazi zaidi ya wiki mbili, na shamba lote miezi miwili ao zaidi, juu mimea haianzi siku moja.

Tumba ya chini inapokaribia, inabadilika sura. Ilikuwa nyembamba na ya kijani cha kukolea. Sasa inajaa, inavimba katikati, na rangi inafifia kuelekea njano, kama ndizi iliyoanza kuwaza kuiva. Ukiilinganisha na jirani yake wa juu, tofauti inaonekana wazi. Mkulima anayepita jioni, saa kumi na moja hivi, na kuona tumba ya namna hiyo, anaweza kusema karibu bila kukosea: kesho asubui. Wengine wanafunga uzi kwenye mti wa mmea huo ili asubui wasitafute.

Uzoefu wa jioni mbili tatu unafundisha zaidi kuliko maelezo yoyote. Anayeanza achague kishada kimoja karibu na nyumba, akiangalie kila jioni na kila asubui mpaka kiishe. Nyuma ya hapo macho yatajua yenyewe.

Sababu ya mkono

Mtu anaweza kuuliza: nyuki wanafanya nini? Vanila imetoka Meksiko, na hata kule ni maua machache tu yanayoshika tunda bila mkono wa mtu. Ndani ya ua, sehemu ya kiume na ya kike zimekaa jirani kabisa, lakini kati yao kuna kifuniko chembamba kama ulimi. Unga wa njano hauwezi kuvuka.

Kwa miaka mingi watu wa Ulaya walipeleka mmea huu sehemu nyingine za joto, ukachanua, na haukuzaa. Kunako mwaka wa 1836, Mbelgiji Charles Morren alifaulu kuuzalisha kwa mkono katika mji wa Liège, ndani ya nyumba ya vioo. Lakini njia nyepesi, ile inayotumika mpaka leo Madagascar, Uganda na Kongo, ilipatikana mwaka wa 1841 katika kisiwa cha Réunion, na kijana mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond. Alipata uhuru mwaka wa 1848, wakati utumwa ulipofutwa kule, na ndipo alipopewa jina la pili, Albius. Kisiwa kilitajirika kwa njia yake. Yeye alikufa maskini mwaka wa 1880.

Njia hiyo inaomba kijiti tu: cha mwanzi, mwiba wa mlimau, ao kile cha kuchokonolea meno. Unashika ua kwa mkono mmoja, unapasua kidogo ile sehemu iliyojikunja kama bomba, unanyanyua kifuniko kwa kijiti, na kwa kidole gumba unabonyeza unga uguse sehemu ya kike. Ni nukta chache. Kazi inaanza saa kumi na mbili ya asubui na kufikia saa ine ao saa tano inapaswa kuwa imekwisha, zaidi sana siku ya jua kali. Siku ya mawingu ua linakaa kidogo zaidi. Mvua kubwa ya asubui, kwa upande wake, inaharibu kazi yote, na hapo hakuna la kufanya.

Watu wangapi, siku ngapi

Hapa alama za tumba zinageuka kuwa franka. Tuchukue shamba la mimea 200, kila mmoja na vishada 10. Hivyo ni vishada 2,000. Siku zile vyote viko kazini, maua yanaweza kukaribia 2,000 kwa asubui moja, na mtu aliyezoea anafikisha 1,000 mpaka 1,500. Mtu mmoja peke yake hatoshi. Wawili wenye mkono mwepesi wanatosha. Mama aliyehesabu vishada vyake mapema anajua kama atahitaji mtoto wa dada yake ao la, na anamwambia wiki tatu mbele, siyo saa kumi na moja ya asubui.

Lakini kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha: haifai kuozesha maua yote. Kishada chenye matunda 18 kinachosha mmea, matunda yanabaki mafupi na membamba, na mwaka unaofuata unaweza kupita bila kitu. Inatosha kushika maua 8 mpaka 10 kwa kishada, yale ya kwanza yaliyo chini, zaidi yale yanayoangalia ardhi ili matunda yaning'inie yakiwa yamenyooka. Yakishika, tumba zilizobaki kwenye ncha zinakatwa.

Hesabu hiyo inabadilisha mambo kwa mtu ambaye shamba lake liko mbali na njia haina uhakika. Katika Beni na Irumu, wakulima wengi wamelala mjini wakati kakao na vanila zao zinaiva porini, na kuna asubui ambapo kutoka ni kucheza na maisha. Aliyesoma vishada vyake anajua kwamba akikosa siku tatu katika wiki mbili, bado anaweza kufikisha maua 8. Hakuna sababu ya kulazimisha. Kinachouma ni kukosa wiki nzima ya kwanza bila kujua kwamba ilikuwa imeanza, kisha kubaki na maua ya ncha, yenye matunda hafifu.

Kesho yake, na miezi tisa

Jibu linakuja haraka. Ua lililoshika linanyauka lakini linabaki limeng'ang'ania mahali pake. Ukiligusa polepole haliachii. Ambalo halikushika linaanguka kwa mguso mdogo. Kile kilichoonekana kama shina la ua ndicho tunda lenyewe. Kinaanza kurefuka na kuinama chini, na nyuma ya wiki 6 hivi kimekwisha kufikia urefu wake wote.

Na huo urefu ndio mtego. Tunda la wiki 6 linaonekana limekamilika. Mwizi analiona hivyo, na mwenye shamba anayeogopa mwizi anashawishika kulichuma mapema, mwezi wa tano, wa sita. Ndani bado hakuna kitu. Tunda la vanila likiwa mtini halinuki; harufu inatoka kwa kukausha, na inatoka tu kama tunda lilikaa mtini miezi 8 ao 9. Kunako mwaka wa 2018, wakati bei ya vanila kavu kwenye soko la dunia ilifika karibu dola 600 kwa kilo moja, matunda machanga yalichumwa kwa wingi katika nchi nyingi, na wanunuzi wakalalamika. Kisha bei ikashuka sana, na wa kwanza kukataliwa walikuwa wenye mali mbichi. Serikali ya Uganda, katika miaka ya karibuni, imekuwa ikitangaza tarehe ya kuanza mavuno ili kuzuia jambo hilo.

Hapo ndipo ile tarehe ya daftari inarudi. Mwenye kuandika siku alipoozesha vishada vya mstari huu na vya mstari ule anahesabu miezi tisa, anaanza kupita tena akichungulia, sasa siyo kwapa za majani bali ncha za chini za matunda. Matunda ya kishada kimoja hayaivi siku moja, kama vile maua yake hayakufunguka siku moja. Yanachumwa lile ambalo ncha yake imeanza kuwa njano, mengine yanangoja. Kilo 5 ao 6 mbichi za matunda ya namna hiyo zinatoa kilo 1 kavu. Machanga yanasinyaa zaidi ya hapo.